Tundu la moyo lililoonekana wiki ya 26: kisa cha mama wa Morogoro

Mama ana miaka 29, anaishi Morogoro mjini, na hii ni mimba yake ya pili. Mtoto wa kwanza ana miaka mitano na hajawahi kulazwa. Safari hii alianza kliniki mimba ikiwa na miezi mitano, na ultrasaundi alipimwa wiki ya 26, tena kwa sababu mkunga alihisi tumbo haliendani na tarehe. Mpimaji alikuwa akizungumza naye vizuri tu, mara akanyamaza. Akarudia kupima pale pale, akageuza kioo upande wake, kisha akaandika: "Tundu kubwa kati ya chemba za chini za moyo. Aota imekaa juu ya tundu. Apewe rufaa kwa bingwa." (Aota ni mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini.) Akamkabidhi karatasi, akamwambia aende Muhimbili, na akaita mjamzito mwingine.

Wazazi hawa ni wa mfano. Nimewatunga ili tupite nao hatua kwa hatua, kwa kuwa hatua hizi zinawapata wengi na wengi huzipita bila wa kuwaeleza. Mambo ya kitabibu na ya historia ni ya kweli.

Kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, wanane hadi tisa huwa na kasoro ya moyo. Nyingi ni ndogo na nyingine hujifunga zenyewe. Msimamo wangu kuhusu zile zinazoonekana kabla ya kuzaliwa nauweka wazi mapema. Mzazi akipewa karatasi kama ile, swali la kwanza la kumuuliza bingwa ni hili: moyo huu unaweza kusubiri, au utahitaji msaada siku ile ile ya kuzaliwa? Pa kuzalia, wiki ya kusafiri, pesa za kuandaa na nani abaki na mtoto mkubwa, vyote vinafuata jibu la swali hilo. Familia ya Morogoro ilianza na maswali mengine kabisa, na haikuwa kosa lao, maana hakuna aliyewaelekeza.

Siku kumi na kitu zilipita kati ya karatasi na bingwa. Baba alishinda kwenye simu usiku akitafuta "mtoto tundu moyo" na kukutana na picha za watoto waliounganishwa mipira kila upande. Mama aliacha kulala. Kila mtoto akicheza tumboni alijiuliza anacheza au anahangaika. Mama mkwe, aliyekuja kusaidia, alisema mimba ilitangazwa mapema mno na watu wana vijicho. Mzee mmoja wa ukoo akashauri waanzie kwa mganga kwanza, hospitali ifuate. Wifi akakumbusha kwamba mama alikuwa anakula udongo.

Mpimaji angeweza kuzuia nusu ya mateso hayo kwa maneno machache: nimeona kitu kwenye moyo, mimi si bingwa wa moyo, mtoto yuko hai na anacheza, na hakuna jambo la kufanya usiku huu. Maneno hayo hayahitaji mashine wala shahada. Ninaamini kila anayeshika kifaa cha ultrasaundi angepaswa kuyafahamu kabla ya kumshika mjamzito wake wa kwanza.

Jambo la lawama lazima limalizwe kabisa, maana likiachwa linakula ndoa. Moyo wa mtoto hujengeka kati ya wiki ya tatu na ya nane tangu mimba kutungwa. Wanawake wengi wakati huo ndio kwanza wanashtuka kuwa hawajaona siku zao. Mimba ya mama huyu ilipoanza kutajwa na majirani, ukuta wa moyo ulikuwa umeshamaliza kujengwa, na tundu lilikuwa limeshabaki. Kula udongo kuna madhara yake, minyoo na upungufu wa damu, lakini hakumtoboi mtoto moyo. Vinavyojulikana kuongeza hatari ni kisukari kisichodhibitiwa tangu mwanzo wa mimba, rubela (ugonjwa wa virusi wenye vipele kama vya surua) katika miezi ya mwanzo, pombe, baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili, na matatizo ya kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli. (Rubela ndiyo sababu mojawapo Tanzania iliingiza chanjo ya surua-rubela mwaka 2014. Anayempeleka binti yake kuchanjwa leo anamlinda mjukuu wake.) Hata hivyo, kwa familia nyingi sababu haipatikani. Mama huyu alipimwa sukari, ikawa sawa. Bingwa alimwambia mbele ya mumewe na mama mkwe: "Hakuna ulichofanya, na hakuna ulichoacha kufanya." Kusema hivyo mbele ya mama mkwe kulikuwa tiba ya kwanza katika kisa hiki.

Kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya kuchunguza moyo tu, ya mtoto aliye tumboni kilifanyika Dar es Salaam wiki ya 28. Kwa kawaida wiki nzuri ni kati ya 18 na 22, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri kila mjamzito apate angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Huyu alichelewa, lakini hakuchelewa kwa lile lililohitajika. Sheria ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo kipimo hiki kwetu kazi yake ni maandalizi, na wiki kumi na moja zilizobaki zinatosha kuandaa mengi.

Jibu lilikuwa tetralojia ya Fallot. Ni mambo manne yanayokwenda pamoja: tundu kubwa kwenye ukuta kati ya chemba mbili za chini, aota iliyokaa juu ya tundu hilo badala ya kukaa upande wake wa kushoto, njia nyembamba ya damu kwenda mapafuni, na nyama ya chemba ya kulia iliyonenepa kwa kusukuma kwa nguvu. La nne kwa kawaida halionekani tumboni, kwa kuwa huko chemba zote mbili zinafanya kazi kwa shinikizo linalolingana. Kasoro hii huwapata watoto kama watatu hadi watano kwa kila 10,000. Tundu lake liko juu, karibu na mlango wa kutokea damu, kwa hiyo anayepima kwa kutazama chemba nne tu na kuridhika anaweza kulipita bila kuliona. Inabidi kifaa kiinamishwe kuelekea kichwani kwa mtoto mpaka mishipa miwili mikubwa ionekane inapotoka. Mpimaji wa Morogoro alifanya hivyo. Ukimya wake ulimuumiza mama, lakini mkono wake ulikuwa hodari, na bila mkono ule kisa hiki kingeanzia wodini mtoto akiwa na miezi minne.

Bingwa alichora moyo nyuma ya ile karatasi ya rufaa kwa kalamu ya buluu na nyekundu. Akaonyesha kwa nini mtoto anacheza kama kawaida. Tumboni oksijeni inatoka kwenye kondo la nyuma, mapafu bado hayana kazi kubwa, na kuna kimshipa kiitwacho dakti kinachounganisha ateri ya mapafu (mshipa unaopeleka damu mapafuni) na aota. Njia ikiwa nyembamba mahali pamoja, damu inapata pengine pa kupita. Shida inakuja baada ya kuzaliwa, kitovu kikishakatwa, na dakti inapoanza kujifunga ndani ya siku moja hadi tatu.

Sasa lile swali la siku ya kwanza likapata jibu lake kwenye kioo. Ateri ya mapafu ya mtoto huyu ilikuwa nyembamba, lakini damu ilikuwa inapita kwenye valvu yake (kilango kinachoruhusu damu kwenda upande mmoja tu) kwenda mbele, na ndani ya dakti damu ilikuwa inakwenda upande wake wa kawaida wa mtoto wa tumboni, yaani kutoka ateri ya mapafu kwenda aota. Ingekuwa inarudi kinyume, ingekuwa dalili kwamba mapafu yanaitegemea dakti ili yapate damu, na dakti ikifunga mtoto anabadilika rangi ndani ya saa chache. Mtoto wa namna hiyo anahitaji dripu ya prostaglandini ya kuiacha dakti wazi. Dawa hiyo ni ghali, haipatikani kila hospitali, na inaweza kumsahaulisha mtoto kupumua, kwa hiyo mashine ya kupumulia lazima iwe karibu. Bingwa alisema: "Kwa leo, huyu anaonekana ni wa kusubiri. Lakini valvu ya mapafu inaweza isikue sawa na mtoto. Nitampima tena wiki ya 33 na ya 37. Msiniambie mmeshapona."

Nalisisitiza hili kwa sababu ya kasoro nyingine, ile ambayo aota na ateri ya mapafu zimebadilishana mahali. Madaktari wa Paris walichapisha mwaka 1999 matokeo ya watoto wa namna hiyo. Kati ya 68 waliojulikana wakiwa tumboni, hakuna aliyefariki kabla ya upasuaji. Kati ya 250 waliojulikana baada ya kuzaliwa, 15 walifariki kabla hata ya kufika mezani. Upasuaji ulikuwa ule ule na jiji lile lile. Tofauti ilikuwa kwamba wale 68 walizaliwa mahali ambapo watu wanaowasubiri walikuwa wameshajiandaa. Mtu akikuambia kujua mapema ni kujitafutia huzuni ya miezi mitatu, mpe hesabu hiyo.

Familia ikarudi na ombi. Baba alitaka mkewe apasuliwe mapema, wiki ya 36, mtoto "aokolewe". Ni ombi la mtu anayependa, na nimeona watu wakijibiwa ovyo kwa kuliuliza. Jibu lake ni kwamba kasoro nyingi za moyo, hii ikiwemo, hazihitaji upasuaji wa uzazi, na uchungu wa kawaida haumdhuru mtoto huyu. Na mtoto mwenye kasoro ya moyo anayezaliwa wiki ya 36 anabeba mizigo miwili: moyo wenye kasoro na mapafu, ini na ubongo ambavyo havijakomaa. Wiki ya 39 ni bora kwake kuliko ya 37. Kila gramu inayoongezeka tumboni itamsaidia siku ya meza. Baba alilipokea kwa shida. Hofu ilikuwa inamsukuma afanye kitu, na kitu chenye manufaa kwa wakati ule kilikuwa kusubiri.

Mpango uliandikwa kwenye kadi ya kliniki kwa maneno yanayosomeka. Mama ahamie Dar es Salaam kwa shangazi yake wiki ya 37, ili uchungu usimkute Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, safari hiyo si mateso kama zamani, lakini mtu mwenye uchungu hapaswi kuitegemea treni. Ajifungulie Muhimbili, ambako kuna wodi ya watoto wachanga, na ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko ndani ya uwanja huo huo pale Upanga. Mtoto apimwe oksijeni mkono wa kulia na mguu mara akizaliwa. Apimwe kalsiamu pia, maana takriban mtoto mmoja kati ya saba wenye tetralojia ana upungufu wa kipande kwenye kromosomu ya 22, na watoto hao wanaweza kushuka kalsiamu wakapata degedege. Na baba aende mapema ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kueleza kipato chake, akiwa na barua ya serikali ya mtaa. Watu wengi hufika ofisi hiyo siku ya kudaiwa. Akifika mapema, ujauzito ukiwa wa wiki ya 30, anazungumza kwa utulivu, na ofisa naye ana muda wa kumsaidia.

Mtoto, wa kiume, alizaliwa wiki ya 39 kwa njia ya kawaida, kilo 3.1, akalia kwa nguvu. Oksijeni ilikuwa asilimia 94. Walimweka wodini mpaka dakti ikafunga kabisa, ikashuka hadi 91 na kusimama hapo. Akaruhusiwa.

Hapa ndipo kisa kilipokuwa na hatari kubwa kuliko siku zote, na ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Mtoto ananyonya, ana mashavu, hana rangi yoyote ya ajabu. Ndugu wanasema hospitali walikosea, au maombi yamejibiwa. Mtu anauliza kwa nini mpoteze nauli kwenda Dar kwa mtoto mzima. Tetralojia ya aina hii huanza polepole. Njia ya kwenda mapafuni inazidi kubana jinsi nyama inavyonenepa, na damu isiyo na oksijeni inazidi kuvuka tundu kuingia aota. Kwa ngozi zetu nyeusi, kuangalia vidole au uso kunadanganya. Mama alifundishwa kufunua mdomo wa mtoto mchana, dirishani, na kutazama ulimi na fizi. Ulimi wenye rangi ya zambarau unasema ukweli kabla ya kitu kingine chochote. Mwezi wa tatu oksijeni ilikuwa 84.

Mwezi wa nne, asubuhi, mtoto aliamka akalia kwa njaa, kilio kikapanda, kisha akaanza kupumua haraka na kwa kina, ulimi ukawa mweusi, akalegea. Mama alikuwa bafuni. Aliyekuwepo ni mama mkwe. Kwa mtu asiyefundishwa, hali ile inaitwa degedege, na kwa degedege nyumba nyingi zina dawa zake za kufukiza na watu wake wa kukimbilia, na dakika zinakwisha njiani. Mama mkwe alikuwepo siku bingwa alipoonyesha kwa mdoli. Akamlaza mtoto chali, akamkunja magoti mpaka kifuani na kuyashikilia hapo, akamsemesha taratibu bila kumtingisha. Kukunja miguu namna ile kunaongeza ukinzani wa damu inayotoka kwenye aota, na nyingi zaidi inalazimika kupita njia ya mapafu. Watoto wakubwa wenye kasoro hii ambao hawakutibiwa hujifundisha wenyewe: wakichoka kucheza huchuchumaa. Rangi ilirudi. Walimpeleka hospitali asubuhi ile ile, na alianzishiwa propranolo ya kupunguza matukio hayo wakati akisubiri meza.

Kule hospitali ya karibu muuguzi wa zamu aliona oksijeni 79 kwenye kipimo cha kidoleni na kutaka kuanza matibabu ya nimonia. Mama alitoa mfuko wa plastiki wenye ile ripoti ya eko, mchoro wa kalamu mbili, na namba ya kliniki ya moyo. Zamu nzima ikabadilika mwelekeo. Nashauri kila mzazi wa mtoto wa namna hii awe na mfuko huo, na nakala moja abaki nayo bibi. Nashauri pia mambo matatu yanayoonekana madogo: kuharisha na kutapika kwake kusisubiri kesho, maana kukaukiwa maji kunaleta matukio, upungufu wa damu utibiwe hata ukiwa mdogo, kwa kuwa kwake ni mkubwa, na chanjo zifuatwe kwa tarehe, kwani surua au nimonia ikimkuta kabla ya upasuaji inaweza kumaliza kila kilichojengwa.

Watu huuliza kama upasuaji huu ni majaribio. Daktari Fallot wa Marseille aliieleza kasoro hii mwaka 1888, na kwa zaidi ya miaka 50 hakukuwa na la kufanya. Tarehe 29 Novemba 1944, Baltimore, Marekani, Alfred Blalock aliunganisha mshipa wa mkono na ateri ya mapafu ya mtoto mmoja, kwa wazo la Helen Taussig, daktari wa watoto. Nyuma yake alisimama Vivien Thomas, fundi mweusi wa maabara ambaye ndiye aliyekuwa ameufanya upasuaji ule mara nyingi kwa wanyama, akimwelekeza kila mshono. Ilichukua miongo jina lake kutajwa. Naliandika kwa sababu mzazi wa Kiafrika anayeketi kwenye benchi Upanga ana haki ya kujua mikono iliyofungua njia ile ilikuwa ya rangi gani. Mwaka 1954, Minnesota, kundi la Walton Lillehei likafanikiwa kuziba tundu na kupanua njia kwa mara moja. Leo, kwenye vituo imara, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi waliofanyiwa hivyo wanafika utu uzima. Tanzania, ambayo zamani ilipeleka wagonjwa wengi wa moyo India, ina wapasuaji wake wa moyo wa watoto Upanga tangu taasisi ile ianzishwe mwaka 2015, na tetralojia ni miongoni mwa kasoro zinazorekebishwa pale.

Mtoto wa kisa hiki alipasuliwa akiwa na miezi tisa. Tundu lilizibwa kwa kiraka, na njia ya mapafu ikapanuliwa. Kwenye nchi zenye nafasi nyingi angefanyiwa mapema zaidi, kati ya miezi mitatu na sita, na foleni ya kusubiri upasuaji ndiyo sehemu ninayoona nchi bado inadaiwa.

Kupasuliwa hakumfuti kwenye daftari la kliniki. Valvu ya mapafu iliyopanuliwa huvuja kidogo kidogo, na baadhi ya watu huhitaji valvu mpya ukubwani. Mapigo ya moyo nayo yanaweza kuvurugika miaka mingi baadaye. Kwa hiyo eko na kipimo cha umeme wa moyo vitaendelea, hata akiwa mwanafunzi anayecheza mpira vizuri na asiyetaka kusikia habari za hospitali.

Wazazi waliuliza la mwisho: wakizaa tena? Kwa wazazi waliokwisha kupata mtoto mmoja wa namna hii, mimba inayofuata ina uwezekano wa takriban mbili hadi tatu kwa mia wa kasoro ya moyo, na unakuwa mkubwa zaidi ikiwa mmoja wao amebeba ile hitilafu ya kromosomu ya 22. Mama aanze foliki asidi kabla ya kushika mimba, aanze kliniki mapema, aseme mlangoni kwamba amewahi kuzaa mtoto mwenye tetralojia, na eko ya moyo wa mtoto ifanyike kati ya wiki ya 18 na 22.